Namna ya Kujijengea Nguvu ya Kujizuia, Ule Vizuri na Upungue Uzito Ukiwa Hapa Hapa Moshi

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini. Kazi yangu ni kupima watu mabega, viuno na nyonga, kwa hiyo mwili wa mtu unavyobadilika huwa nauona kwenye daftari la vipimo. Wateja wangu nao wananiona. Walioshonesha sare za harusi kwangu miaka mitatu iliyopita wanakumbuka nilikuwa na kilo 94 kwa urefu wa mita 1.60. Leo nina kilo 76. Basi kila wiki naulizwa swali lile lile, futi ikiwa bado iko kiunoni mwa mtu: "Fundi, ulifanyaje? Mimi cha kula nakijua, ila nguvu ya kujizuia sina."

Nimelijibu swali hilo kwa vipande vipande, pini zikiwa mdomoni, mpaka nimeona niliandike lote mahali pamoja.

Kabla ya hatua, shika jambo moja. Ukiitafuta nguvu ya kujizuia wakati sahani imeshafika mbele yako, umechelewa. Nguvu hiyo huandaliwa mapema, ukiwa umeshiba na akili imetulia. Mtazame anayefunga Ramadhani. Saa sita mchana hasimami mbele ya chapati akijadiliana na nafsi yake ale au asile. Neno lilishakatwa tangu usiku alipoweka nia, nyumba nzima inalijua, na saa ya kufungua inajulikana. Mkristo anayeacha nyama Kwaresima hivyo hivyo. Ni watu wale wale wanaoniambia hawana nguvu ya kuacha soda. Nguvu wanayo, kilichokosekana ni matayarisho.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Simu pia inafaa, ila daftari linakaa wazi mezani na kukukumbusha.
- Futi ya kushonea. Sisi mafundi tumezoea inchi. Wewe geuza upande wa sentimita.
- Mizani moja utakayoirudia siku zote. Ya duka la dawa la mtaani kwako inatosha. Ukipima leo hapa na kesho kule, utachanganyikiwa bure.
- Kijiko cha chakula, cha kupimia mafuta.
- Mtu mmoja wa kumwambia unachofanya. Mmoja tu. Ukitangaza kwenye kundi la kikao cha harusi lenye watu sitini, utapata ushauri wa aina sitini.
- Kipimo cha presha na cha sukari, ili ujue unaanzia wapi.

Kiuno pima hivi: tafuta ubavu wa mwisho na mfupa wa juu wa nyonga, weka futi katikati yake, toa pumzi kawaida, soma. Usivute tumbo. Kwa mwanamke hatari ya kiafya huanza kupanda sentimita 80 na huwa kubwa kuanzia 88; kwa mwanamume ni 94 na 102.

Wapo wasiopaswa kuanza peke yao. Kama unatumia dawa za kisukari, hasa insulini, sukari inaweza kushuka ghafla ukipunguza chakula, kwa hiyo zungumza na daktari wako kwanza. Vivyo hivyo kama unatumia dawa za presha, una mimba, unanyonyesha, au umewahi kuwa na tabia ya kujitapisha baada ya kula. Na kama unapungua bila kukusudia, usifurahi. Nenda hospitali ujue sababu.

Hatua ya 1: Andika siku saba bila kubadilisha chochote

Kila unachoweka mdomoni kiandike: saa ngapi, uko wapi, na nani, ulikuwa na njaa au hapana. Kipande cha andazi la mtoto ulichomalizia nacho ni chakula. Usijihukumu, na usianze kula vizuri wiki hii kwa sababu tu unaandika. Tunatafuta ukweli.

Siku ya saba, kaa chini usome. Utaona hushindwi siku nzima. Unashindwa mahali pale pale, saa ile ile. Mimi nilikuta sehemu mbili. Ya kwanza ni saa nne asubuhi, mama wa maandazi anapopita na ndoo yake mlangoni kwangu. Nilikuwa nachukua matatu na chai ya maziwa. Ya pili ni saa tatu usiku, nikiwa jikoni peke yangu naosha vyombo, nakula kilichobaki kwenye sufuria nikiwa nimesimama. Mchana wote nilikuwa nakula kama mtu yeyote. Kilo zangu nyingi zilitoka kwenye saa hizo mbili.

Zipigie mstari saa zako. Hapo ndipo kazi yote itafanyika.

Hatua ya 2: Anza na jambo moja, na liwe la kunywa

Kosa kubwa ninaloliona ni la Jumatatu. Mtu anaamka Jumatatu ameacha ugali, wali, sukari, mafuta, nyama na chakula cha usiku, vyote kwa pamoja. Alhamisi amerudi kwenye chipsi mayai na amejiaminisha kwamba ni dhaifu. Hata mtu mwenye nguvu asingebeba mzigo huo.

Anza na sukari ya kwenye vinywaji, kwa sababu haishibishi na inaondoka bila kukuachia njaa. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Ukinywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, umefika hapo hapo bila soda. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo ya mwisho ni kama gramu 25, yaani vijiko sita hivi vya chai.

Usiikate mara moja. Punguza nusu kijiko kila wiki. Kutoka vijiko vitatu mpaka kimoja ni wiki nne, na ulimi unazoea bila ugomvi. Soda weka siku moja kwa wiki unayoijua, kwa mfano Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine maji, au chai ya rangi yenye tangawizi na mchaichai. Asali nayo ni sukari. Juisi ya miwa pia, hata ikikamuliwa mbele ya macho yako.

Jambo la pili usiliguse mpaka hili limekuwa la kawaida.

Hatua ya 3: Andika sentensi yako ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi"

Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba mtu anayepanga mapema lini, wapi na namna gani atatenda hutimiza nia yake zaidi ya yule anayesema tu "nitajitahidi". Kwangu hili ndilo lililofanya kazi kuliko mengine yote.

Chukua saa zako za kushindwa na kila moja uiandikie sentensi moja. Zangu zilikuwa hizi:

"Mama wa maandazi akifika mlangoni, nitamwamkia, nitamwambia leo nimeshakunywa chai, kisha nitamenya ndizi mbivu niliyokuja nayo."

"Chakula cha usiku kikiisha, kilichobaki nitakifunika na kukiweka kabatini kabla sijaosha sahani hata moja, halafu nitapiga mswaki."

Angalia zilivyojengwa. Hakuna "sitakula". Ukijiambia "sitakula maandazi" umeshaanza kuwaza maandazi. Andika kitendo ambacho mikono yako itafanya. Ndizi lazima iwe kweli kwenye mkoba. Sentensi isiyo na ndizi ni maneno matupu. Zisome kwa sauti asubuhi kabla hujatoka. Wiki ya kwanza niliona kama nacheza. Wiki ya tatu mkono ulikuwa unakwenda kwenye mkoba wenyewe.

Mama wa maandazi hakununa. Nilimweleza, na siku hizi ananiletea mahindi ya kuchemsha yakiwa msimu.

Hatua ya 4: Ondoa vita nyumbani na kazini

Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Walter Mischel aliwapa watoto wadogo kitu kitamu na kuwaahidi cha pili kama wangesubiri. Wengi walioweza kusubiri hawakukikodolea macho kitamu kile. Walifunika nyuso, waligeukia ukutani, waliimba. Nasi watu wazima tufanye vivyo hivyo.

Biskuti za watoto zihamie kwenye kopo lenye kifuniko, rafu ya juu. Matunda yakae mezani, yameshaoshwa. Papai liwe limeshakatwa, maana saa ya njaa hakuna anayetafuta kisu. Ukipika, mafuta pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, na mkono wa mpishi mwenye haraka humwaga vitano bila kujua. Andika tarehe kwenye dumu siku unapolifungua, uone linakaa siku ngapi. Lengo ni likae zaidi mwezi ujao.

Chakula pakulia jikoni. Hotpoti ikikaa katikati ya meza, kila mtu anaongeza bila njaa, na anayeongeza zaidi mara nyingi ni mama anayehudumia.

Soko la Mbuyuni nenda ukiwa umekula, na orodha mkononi. Na kama njia yako ya kurudi kutoka stendi inapita kwenye mabanda ya chipsi saa moja jioni, badilisha njia. Mimi nilianza kuzunguka mtaa wa nyuma, dakika nne zaidi. Aliyeniambia kwamba huko ni kukimbia nilimjibu kwamba ndiyo, nakimbia.

Hatua ya 5: Kula ushibe

Wengi wanadhani kujizuia ni kukaa na njaa. Njaa kali ndiyo inayovunja nia. Mtu aliyeruka chakula cha mchana kwa makusudi anafika nyumbani saa mbili usiku hawezi hata kusubiri mboga iive.

Sahani igawe hivi: nusu mboga za majani na kachumbari, robo ugali, wali au ndizi, na robo ya mwisho maharage, dagaa, samaki, yai au nyama isiyo na mafuta mengi. Mboga hapa kwetu hazina sababu ya kukosekana: mnafu, mchicha, sukuma wiki, matembele, majani ya maboga. Ule kwanza mboga, halafu vingine.

Vyakula vya nyumbani havina kosa. Kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kinakaa tumboni muda mrefu na hakihitaji mafuta. Mtori mwepesi, supu ya ndizi na nyama, pia. Machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, yanakuwa mzigo pale yanapoelea mafuta na nyama yenyewe imenona. Punguza mafuta, ongeza nyanya, karoti na bilinganya, bado ni machalari. Parachichi ni chakula kizuri sana ila lina mafuta mengi, na maparachichi yetu ni makubwa, nusu inatosha. Huhitaji mbegu za chia wala unga wa kuagiza kwa bei ya mbuzi.

Ukitaka kuongeza, subiri dakika ishirini kwanza. Mwili unachelewa kupeleka habari ya shibe. Ukiwa bado na njaa baada ya hapo, ongeza mboga na maharage.

Asubuhi usinywe chai na mkate mweupe peke yake. Yai la kuchemsha, viazi vitamu au maharage yaliyolala yatakufikisha mchana bila kutetemeka ndoo ya maandazi ikipita.

Hatua ya 6: Jifunze kukataa mbele za watu bila kuvunja heshima

Hapa nitakaa kidogo, maana wengi ninaowapima wanaangukia hapa, na maelekezo mengi ya kupunguza uzito yameandikwa kwa watu wanaokula peke yao. Sisi hatuli peke yetu. Ukifika kwa mtu bila kuonja chochote umemwambia neno baya. Miezi ya sherehe, kuna kipaimara, ubarikio, kitchen party, send-off, harusi na vikao vyake, kila Jumamosi. Mimi nashona sare zake, kwa hiyo naalikwa kote.

Kwanza, kula nyumbani kabla ya kwenda. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni, chakula kinatolewa saa tatu au saa nne usiku, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ikishaingia kwa nyimbo na kukatwa. Mtu aliyekaa kwa muda wa saa nne akinywa soda tu atapakua kwa hasira. Kula bakuli la maharage na mboga saa kumi na moja, uende ukiwa mtu mtulivu.

Pili, kwenye meza ya chakula pita kwa macho kwanza. Chagua vitu viwili unavyovipenda kweli, wali au ndizi mojawapo, kachumbari nyingi. Pilau, wali mweupe, chipsi, ndizi na tambi kwenye sahani moja ni chakula kile kile kwa majina matano. Ndafu ukiletewa, pokea kipande, kitafune taratibu. Hakuna anayehesabu umekula vipande vingapi. Wanachoangalia ni kama umepokea.

Tatu, jiandalie maneno. Ukikutwa huna neno, utakula. Kwa mama mkwe au shangazi: "Ahsante sana mama, chakula kitamu mno, nimeshiba. Naomba unifungie kidogo nimpelekee mtoto." Umesifu, umeshukuru, na mkono wake haukurudi bure. Kwa bibi usibishane. Mwamkie, pokea, onja, mwambie "nitakula polepole bibi", endelea kuzungumza naye. Anachotaka zaidi ni ukae. Kwa rafiki wa kitimoto na bia: "Leo nakunywa maji, ila nakaa hapa hapa na nyie." Usianze kuhubiri kuhusu afya mezani. Ukihubiri, wote wataungana kukulisha.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, ina utaratibu wake unaokusaidia. Kata ikizunguka, pokea kwa mikono miwili, onja, mpe anayefuata. Kupitisha hakumdhalilishi mtu. Ila jua kwamba pombe yoyote ina kalori 7 kwa kila gramu ya kilevi, juu ya ndizi na ulezi uliomo, na baada ya kata kadhaa zile sentensi zako za hatua ya 3 hutazikumbuka.

Kisha kuna Desemba. Barabara kutoka Dar inajaa, ndugu wote wako kihambani, kwenye shamba la ukoo, kila nyumba inachinja. Mwaka wa kwanza nilijiwekea lengo la kupungua kilo mbili Desemba, nikaongezeka tatu na kukata tamaa mpaka Februari. Mwaka wa pili nilibadilisha lengo: nisiongezeke tu. Nilichagua siku tatu za kula bila kuandika, Krismasi, siku ya kikao cha ukoo na mwaka mpya. Siku zilizobaki nilikula sahani yangu ya kawaida na kupanda mlima kwa miguu kwenda kusalimia. Niliingia Januari na uzito ule ule wa Novemba, na kwangu ulikuwa ushindi mkubwa. Fanya hivyo.

Hatua ya 7: Tembea, usijiadhibu

Dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka, ukipumua kwa nguvu lakini unaweza kuongea. Ni nusu saa kwa siku tano. Alfajiri kunapopambazuka, barabara za Shanty Town zina vivuli na watu wengine wanaotembea. Kama unakaa Rau au Pasua, zunguka mtaani kwako na mwenzako. Usitembee ili ufute ulichokula. Saa nzima ya kutembea haifiki nusu ya sahani ya chipsi mayai iliyojaa. Tembea kwa sababu usingizi unakuja vizuri, presha inashuka na akili inatulia, na akili iliyotulia ndiyo inayokumbuka mpango.

Hatua ya 8: Lala

Msimu wa sherehe nilikuwa nashona mpaka saa nane usiku. Kesho yake sikushibika. Ukikosa usingizi, homoni ya njaa hupanda na ile ya shibe hushuka, kwa hiyo si udhaifu wako peke yako. Lala kwa muda wa saa saba kila usiku. Nilipoacha kupokea kazi za dharura usiku, nilipoteza pesa kidogo na nikapata mwili wangu.

Hatua ya 9: Pima mara moja kwa wiki, na usikose mara mbili mfululizo

Chagua siku na saa moja, kabla ya kula. Andika kilo na kiuno. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kuna wiki itagoma kabisa. Usipime kila siku, maji ya mwilini hupanda na kushuka na yatakuvunja moyo bila sababu. Lengo la kwanza liwe asilimia 5 ya uzito wako. Kwangu ilikuwa kama kilo tano. Upungufu huo peke yake unaanza kusaidia presha na sukari ya damu, hata kama bado unaitwa mnene.

Tabia haichukui siku 21 kama watu wanavyosema. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake huko London ulikuta wastani wa siku 66, na kati ya watu tofauti ilikuwa kuanzia 18 mpaka 254. Ulionyesha pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Ndiyo maana kanuni yangu ni moja: ukikosa, mlo unaofuata rudi. Usisubiri Jumatatu.

Mambo yakikwama

*Uzito umesimama wiki tatu.* Angalia kiuno kwanza; mara nyingi futi inasogea mizani ikiwa imekaa. Kama navyo vimegoma, rudi hatua ya 1 kwa siku nne. Utakuta kitu kimerudi kimya kimya: kijiko cha mafuta, karanga za kutafuna dukani, chai ya pili.

*Njaa ya usiku inaniamsha.* Ulikula kidogo mno mchana. Ongeza maharage na mboga mchana, usiongeze usiku.

*Nyumbani hawataki chakula changu.* Usipike sufuria mbili, utachoka. Pika moja, mboga ziwe nyingi, mafuta yawe ya kupimwa, kila mtu apakuliwe kwa kiasi chake. Mume wangu alilalamika wiki mbili. Sikujibu, niliongeza kitunguu na nyanya.

*Nakula nikiwa na mawazo.* Jiulize kama ungekula mchicha. Ukiona hapana, hiyo si njaa. Mpigie yule mtu wako mmoja, au toka nje dakika kumi. Kama mawazo ni mazito na ya muda mrefu, kubadilisha chakula hakutatosha. Zungumza na mtaalamu hospitalini.

*Dukani wanauza chai ya kukata tumbo.* Acha. Nyingi zinaharisha tu. Unapoteza maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki. Nililipia pakiti mbili kabla sijaelewa hilo, nikazimia nikiwa kwenye foleni.

*Nasikia kizunguzungu, moyo unakwenda mbio.* Simama hapo hapo, kula, nenda kapime.

*Watu wanasema naumwa.* Hili liliniumiza kuliko njaa. Kwetu mtu akipungua, watu huuliza kwa macho kabla ya midomo, na wapo walionishika mkono kwa huruma msibani. Jibu fupi linatosha: "Nimeamua mwenyewe, namshukuru Mungu niko mzima." Usitoe maelezo marefu. Mama yangu ndiye nilimpeleka kliniki asikie mwenyewe presha yangu ikisomwa, tangu hapo akawa ananitetea.

*Nimepungua, naogopa kurudi.* Nguo zako zinapolegea, zilete kwa fundi mapema zipunguzwe; usizitunze kabatini za ukubwa wa zamani "kwa lolote". Mwambie fundi asikate kitambaa cha ndani, aache sentimita mbili kila upande wa mshono. Na angalau sketi moja au suruali moja uishonee mkanda usio na lastiki, uivae kila Ijumaa. Lastiki itakufuata unavyonenepa bila kukuambia. Mkanda wa kitambaa utakuambia ukiwa na kilo mbili tu za kurudisha.